Nani Anawafukuza? Wiki Moja ya Mbio za Msituni

Sisi tunaoandika hapa ni watatu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukikaa viti vya nyuma katika mikutano ya chama hiki, mmoja wetu akiwa mweka hazina asiye na hazina. Leo tuko Marekani, katika miji mitatu ambayo ukiitazama kwenye ramani inakaa kama ngazi iliyoegemezwa ukutani: Louisville chini, jimboni Kentucky, kando ya Mto Ohio, Columbus katikati, jimboni Ohio, na Buffalo juu kabisa, jimboni New York, pale Ziwa Erie linapomwaga maji yake katika Mto Niagara na ng'ambo ikawa Kanada. Kutoka Louisville hadi Columbus ni saa tatu na ushei kwa gari. Kutoka Columbus hadi Buffalo ni saa tano kama anga ni zuri, na anga la huko lina mambo yake.

Mhariri alituomba makala kuhusu "maisha ya ughaibuni". Tuliona mada hiyo imechoka kuliko sisi. Tukaamua tueleze wiki moja tu, ya kwanza ya mwezi Novemba, ambayo tulikuwa tukijiandaa kukutana Columbus siku ya Jumamosi ili tukimbie pamoja msituni. Hatukimbii kwa ajili ya medali. Tulianza kwa sababu ya upweke wa mwaka wa kwanza, na kwa sababu kukimbia hakuombi kadi ya uanachama. Msituni tulihamia baadaye, magoti yalipoanza kulalamikia lami.

Kabla hatujafika mbali, tuondoe dhana moja. Wamarekani wakiona Mwafrika wa Mashariki amevaa kaptura na raba huamini kwamba ni bingwa aliyejificha. Mwenzetu wa Louisville ni Msukuma wa Magu anayekimbia kama mtu aliyebeba gunia la mpunga. Mwenzetu wa Columbus, mzaliwa wa Tanga, ana watoto wawili na hukimbia huku akisahihisha mazoezi ya ngeli kichwani, maana anafundisha Kiswahili cha mwaka wa kwanza. Mwenzetu wa Buffalo, wa Kakamega, ana mapafu mazuri lakini kifundo chake cha mguu kiliteguka miaka miwili iliyopita na hakijasahau. Wawili wetu tuliosoma Tanzania tulijifunza kukimbia kwa mchakamchaka wa shule ya msingi, tukiimba alfajiri, vumbi puani, mwalimu wa zamu akiwa nyuma na fimbo. Hadi leo mwenzetu wa Louisville hawezi kupanda mlima bila kunong'ona zile nyimbo. Ni mdundo mzuri kuliko muziki wowote wa simu.

Bingwa wa kweli aliwahi kuwapo Louisville, na sisi humtaja kila tunapotaka kuacha. Wesley Korir alisomea biolojia katika Chuo Kikuu cha Louisville, na baada ya kuhitimu alifanya kazi ya ufundi na matengenezo ya majengo hapohapo chuoni, huku akifanya mazoezi kabla na baada ya saa za kazi. Mwaka 2008 alijiandikisha mbio za marathoni za Chicago kama mtu wa kawaida. Mabingwa waliondoka dakika tano mbele yake, naye akatoka na umma, akamaliza kwa saa 2:13:53. Muda huo ulimpa nafasi ya nne. Hebu fikiria, watu aliowazidi hata hakuwa amewaona mwanzoni. Alishinda Los Angeles mwaka 2009 na 2010, kisha Boston mwaka 2012 siku ya joto kali, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mbunge wa Cherangany nchini Kenya. Hatujui wangapi kati ya wabunge wetu wamewahi kurekebisha mabomba.

Sasa wiki yenyewe.

Jumatatu ilikuwa siku ya mapumziko, na hatuna cha kusimulia ila saa. Usiku wa kuamkia Jumapili Wamarekani walirudisha saa zao nyuma, kama wanavyofanya kila mwaka mwanzoni mwa Novemba. Kwetu jambo hili lina raha yake ya kisirisiri. Hadi siku moja kabla, jua la Louisville lilikuwa likichomoza saa 2 na dakika kumi asubuhi, jambo ambalo mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili hawezi kulikubali. Baada ya kurudisha saa, jua likawa linatoka saa 1 na robo, na kwa miezi michache saa ya Marekani na saa ya bibi zetu zinaelewana. Gharama yake tunailipa jioni: Buffalo jua linazama saa 11, watu wakiwa bado kazini.

Giza hilo ndilo linaloamua ratiba. Mwenzetu wa Louisville hupanga vifurushi usiku katika ghala moja, akitoka saa 10 alfajiri. Mji ule ni kitovu cha mizigo ya ndege, na usiku angani kuna taa zilizojipanga foleni kama magari ya Ubungo. Kwa hiyo hukimbia akitoka kazini, na tochi ya kichwani, na kizibao cha rangi ya chungwa kinachong'aa. Kizibao si cha magari peke yake. Tarehe 23 Februari 2020 kijana mmoja mweusi, Ahmaud Arbery, mwenye umri wa miaka 25, aliuawa kwa risasi huko Georgia akiwa anakimbia katika mtaa wa watu, kwa sababu waliomwona walimdhania mwizi. Tangu hapo hakuna hata mmoja wetu anayekimbia gizani akiwa amevaa kofia ya sweta kichwani. Tunataka tuonekane kutoka mbali kwamba tunakimbia tu.

Jumanne, basi, ilikuwa siku ya milima. Columbus ni tambarare kama meza, kwa hiyo mwenzetu wa huko alipanda na kushuka mwinuko uleule wa daraja mara kumi na mbili, huku dereva mmoja wa lori akimpigia honi kila alipopita. Buffalo alikimbia Delaware Park, bustani iliyochorwa na Frederick Law Olmsted, yuleyule aliyechora Central Park ya New York. Louisville alikwenda Iroquois Park, nayo ni kazi ya Olmsted. Tumezoea kutaniana kwamba mzee huyo wa karne ya 19 ndiye kocha wetu, maana alitupatia viwanja katika miji miwili kati ya mitatu. Lakini bustani hizo nazo zina historia yake. Wakati wa ubaguzi, Waafrika wa Louisville walisukumwa kwenye Chickasaw Park, magharibi mwa mji, na huko ndiko kijana aliyeitwa Cassius Clay, aliyezaliwa mwaka 1942, alikokuwa akikimbia asubuhi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1974, akiwa sasa ni Muhammad Ali, alikimbia kando ya Mto Kongo huko Nsele kabla ya pambano lake na George Foreman.

Tumefika Kongo, na Kongo ndiyo kiini cha makala hii.

Jumanne hiyohiyo, akiwa anashuka ngazi za jengo lake na raba miguuni, mwenzetu wa Louisville alikutana na mama jirani akienda kazini. Mama huyu ni Mbembe wa Fizi, Kivu Kusini, na anasafisha vyumba vya hoteli. Alikulia kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa hiyo salamu za Kitanzania anazijua vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unatoka ku kazi, halafu unaenda wapi tena na ile taa ku kichwa?"

"Naenda kukimbia, mama."

"Nani anakufukuza?"

Alicheka, nao wakaachana. Lakini hilo halikuwa swali la mzaha mtupu. Mama alishajua jambo ambalo mwenzetu alikuwa bado hajalijua: kijana wake wa miaka 16, anayekimbia mbio za nyika katika timu ya shule ya sekondari, alikuwa amesikia habari za safari yetu ya Jumamosi na alitaka kuja.

Hapa tuwaombe walimu wetu ruhusa ya nusu ukurasa. Kitenzi *kukimbia* kina nyuso mbili. Unaweza kukimbia tu, na unaweza kumkimbia mtu. Nomino zake nazo zimegawana kazi. *Mkimbiaji* ni yule anayefanya kitendo hicho kwa mazoea, kwa kiambishi kilekile cha *mpishi* wa siku hizi tunayemwita *mpikaji*. *Mkimbizi* ameundwa kwa njia ya zamani, ile ya irabu *i* inayobadili konsonanti iliyo mbele yake, kama *penda* ilivyozaa *mpenzi* na *linda* ikazaa *mlinzi*. Mzizi mmoja, watoto wawili, na mmoja wao hana hiari. Halafu kuna *kimbilio*, ambalo halielezi unakotoka bali unakokwenda. Tulifundishwa haya yote darasani na tukayajibia mtihani. Hatukuwahi kukaa meza moja na mtu ambaye kwake mnyambuliko huo ni wasifu.

Katika miji yetu mitatu, wengi wa majirani zetu wanaozungumza Kiswahili walifika kama wakimbizi. Louisville na Buffalo wamo Wakongo na Warundi. Columbus ina Wasomali wengi mno, na miongoni mwao wamo Wabarawa, wenye Chimwini chao ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na wamo wale wanaoitwa Wabantu wa Kisomali, ambao Marekani ilianza kuwapokea kwa wingi kuanzia miaka ya 2003 na 2004. Baadhi yao ni Wazigua. Mwenzetu wa Columbus, mtu wa Tanga, alipomsikia bibi mmoja dukani akizungumza Kizigua alidhani anaota. Mababu wa bibi huyo walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu katika karne ya 19, wakapelekwa Somalia, wakatoroka mashambani, na simulizi zao husema kiongozi wao alikuwa mwanamke, Wanakhucha. Walijificha katika misitu minene ya bonde la Mto Juba. Msitu ule ukawa jina lao: Wagosha, watu wa msituni. Kwao msitu ulikuwa kimbilio kwa maana kamili ya neno hilo.

Kwa mama jirani wa Louisville, msitu ni kitu kingine.

Jumatano jioni alimwita mwenzetu mezani. Kulikuwa na bugali wa muhogo, sombe na ndagala, na kijana alikuwa amekaa pembeni kimya, kama mtuhumiwa aliyeleta wakili. Mwenzetu alieleza kwa utaratibu. Tunakwenda bustani ya watu wa Columbus, inaitwa Highbanks. Njia zina alama. Kuna ramani. Kuna vyoo na maegesho ya magari. Watu hupeleka hata wazee na watoto. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akasema:

"Mutoto yangu hataingia mu pori."

Mwenzetu alinyamaza. Mama akaendelea taratibu, bila kupaza sauti. Mwaka 1996, vita vilipofika kwao, alikuwa na miaka kumi na miwili. Walitembea siku nane kwenye milima na pori kabla ya kufika ziwani na kupata mtumbwi wa kuvuka Tanganyika kwenda Kigoma. Walikuwa sita walipoanza. Mdogo wake alikuwa mwepesi, alipenda kutangulia mbele. Siku ya tano alitangulia. Waliita. Halafu wakubwa wakasema wasiite tena kwa sauti, maana sauti ingesikika na watu wengine.

"Alibaki kule," alisema. "Mie pori naijua."

Kijana hakuwahi kuisikia habari hiyo. Mwenzetu anasema alimwona akiangalia mikono yake mwenyewe kwa muda mrefu. Ndipo kijana akasema, kwa Kiswahili na si kwa Kiingereza anachokitumia siku zote nyumbani, kwamba basi hataenda.

Usiku ule kundi letu la WhatsApp halikulala. Mwenzetu wa Buffalo alisema tuache, tusimsumbue mama wa watu. Tuna haki gani ya kumfundisha mtu kuupenda msitu? Mwenzetu wa Columbus, akiwa mzazi, alisema kijana atauingia msitu siku moja na wenzake wa shule bila kuaga, na afadhali aingie na watu wazima. Mwenzetu wa Louisville hakutaka kuchagua upande, kwa sababu yeye ndiye atakayekutana na mama ngazini kila siku. Hatukuafikiana. Hadi leo hatujaafikiana.

Alhamisi mtoto mdogo wa Columbus aliamka na homa, mazoezi ya mama yake yakafa, na hakuna zaidi. Mtu akiwauliza wanariadha wa kawaida jinsi ya kuunganisha mazoezi na maisha, jibu la kweli ni kwamba maisha hayaombi kuunganishwa, yanakuja tu na kukaa kwenye kiti chako. Aliandaa uji wa mtoto, akasahihisha karatasi ishirini na mbili ambazo kumi na tisa kati yake zilikuwa na "kitabu yangu", akalala saa 3.

Buffalo yeye alitoka. Alikuwa na mapumziko baada ya zamu mbili mfululizo katika nyumba ya kulelea wazee, akaenda Chestnut Ridge, kusini mwa mji, kwenye njia inayoshuka korongoni hadi kwenye maporomoko madogo ya maji. Nyuma ya maji hayo kuna pango dogo, na ndani ya pango gesi asilia hutoka kwenye ufa wa mwamba na kuwaka. Ni moto unaowaka nyuma ya pazia la maji. Ukikuta umezimika, wapita njia huuwasha tena kwa kiberiti. Tunaomba wapenzi wa vitendawili katika chama waufanyie kazi. Mwenzetu alikuta unawaka, akaketi dakika kumi akiota moto usiopasha, akarudi juu kwa kutambaa kwenye matope, na kifundo cha mguu kikiwa kimeuma kidogo tu.

Akiwa garini aliona utabiri wa hewa: theluji ya ziwani, kuanzia Ijumaa usiku. Wasomaji walioko nyumbani wavumilie maelezo mafupi. Upepo baridi ukipita juu ya Ziwa Erie ambalo maji yake bado yana joto la kiangazi, hubeba mvuke na kuumwaga ufukweni kama theluji, katika ukanda mwembamba. Unaweza kuwa na theluji ya kiunoni, na mtu aliye kilomita ishirini kaskazini yako akaona jua. Novemba 2022 kitongoji cha Orchard Park, ambako ndiko iliko Chestnut Ridge yenyewe, kilipata mita mbili kwa siku chache, na Desemba ya mwaka huohuo dhoruba iliua watu zaidi ya arobaini katika eneo la Buffalo, wengine wakiwa ndani ya magari yao. Hakuna anayeishi kule anayeidharau. Na barabara ya kwenda Columbus inafuata ufuko wa ziwa lilelile hadi Cleveland.

Kwa hiyo Ijumaa aliomba kutoka kazini mapema, akaondoka saa 6 mchana akiwa na koleo, blanketi, mishumaa na chapati kumi na nne. Theluji ilianza nyuma yake.

Mchana huohuo mama jirani aligonga mlango Louisville. Alikuwa amevaa kitenge cha kutokea na ameshika mfuko. Alisema ana dada yake wa ukoo Columbus ambaye hajamwona tangu kambini. Kama kuna nafasi garini watakuja wote wawili, yeye na kijana. Kijana atakimbia, lakini kwa sharti: asitoke mbele ya macho yetu. "Musimwache atangulie." Mwenzetu aliahidi. Aliahidi kwa niaba yetu sote, na sote tulikubali kwa simu, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotia sahihi.

Jumamosi saa 2 asubuhi tulikuwa maegeshoni Highbanks, wakimbiaji wanne na mama. Msitu huo umekaa kaskazini ya mji, juu ya genge la mawe laini meusi lenye urefu wa zaidi ya mita thelathini, na chini yake unapita Mto Olentangy. Humo ndani yamo makaburi ya tuta ya Wahindi Wekundu wa kale wa utamaduni wa Adena, na mawe ya mviringo yaliyotokeza kwenye makorongo kama mayai ya mnyama asiyejulikana. Majani yalikuwa yameanguka karibu yote. Hilo ni zuri kwa macho na baya kwa miguu, maana majani hufunika mizizi, na mzizi uliofunikwa hauna huruma. Mama alisema atangoja garini.

Tulianza vizuri. Tulikuwa tumepanga kilomita kumi na nane kwa kuzunguka njia tatu. Kijana alikaa katikati yetu kwa kilomita tano za mwanzo, akijizuia kama farasi. Tulipokuwa tunapanda kutoka bonde la pili, mwenzetu wa Buffalo alikanyaga vibaya. Kifundo kilekile. Alikaa chini. Sisi wawili tukainama kumwangalia, tukavua kiatu, tukabishana kama afungwe kitambaa au asifungwe. Haikuzidi dakika tatu. Tulipoinua vichwa kijana hakuwapo.

Tulidhani yuko kilele cha mlima anatungoja. Hakuwapo. Baada ya kilele njia inagawanyika: moja inarudi upande wa maegesho, nyingine inakwenda hadi jukwaa la kutazamia mto. Simu yake alikuwa ameiacha garini. Mwenzetu wa Columbus alikimbilia kulia, wa Louisville kushoto, wa Buffalo akabaki njia panda akichechemea na kuita. Hatukumbuki kama miguu iliuma. Tunakumbuka kila mmoja wetu, bila kuambiana, alikuwa akiwaza siku ya tano.

Dakika thelathini na tano. Wa kulia alirudi hana kitu. Wa kushoto alifika karibu na maegesho, akaliona gari, akaona mlango uko wazi na kiti kitupu. Ndipo aliposikia sauti. Ilikuwa ya mama, kutoka ndani ya msitu, akiita jina la mwanawe kwa nguvu zake zote, jina zima, la nyumbani na la ubatizo, mara kwa mara, bila kujali nani anasikia. Watu waliokuwa wakitembeza mbwa walisimama. Kindi walinyamaza. Hatujawahi kusikia mtu akiita namna ile.

Na kijana aliisikia. Alikuwa amefika kwenye jukwaa, akamwona tai mweupe kichwa akiruka juu ya mto, akakaa kumtazama akidhani tunakuja. Alipoona tumechelewa alirudi kwa njia nyingine, akapotea kidogo, kisha akaifuata sauti. Walikutana kwenye daraja dogo la mbao. Mwenzetu wa Louisville alifika wakati mama amemshika mwanawe masikio yote mawili, kama mtu anayeshika chungu.

Sisi tulipojikusanya hatukuwa na la kusema isipokuwa tusamehe, mama. Hakutujibu mara moja. Alituangalia mmoja mmoja, matope hadi magotini, yule wa tatu akitegemea fimbo.

"Niliwaambia musimwache atangulie."

"Ulituambia, mama."

"Nimeingia mpaka kule penye miti mikubwa," alisema. Kiatu chake cha kazini kilikuwa kimezama kwenye tope na kitenge kilikuwa kimejaa majani. "Sikuogopa. Nilikuwa na hasira tu."

Akasema tena, kama mtu aliyeshangazwa na hesabu yake mwenyewe: "Sikuogopa."

Hatukumaliza kilomita zetu. Saa ya mkononi ya mwenzetu wa Columbus ilionyesha kumi na moja na nusu, na hakuna aliyependekeza tuongeze. Tulikula chapati za Buffalo kwenye meza ya mbao, zilikuwa zimekuwa ngumu, mama akasema kwao chapati kama hizi hupewa askari. Alipomaliza kula alimwambia kijana amwonyeshe huyo ndege. Wakaenda, kijana mbele, mama nyuma yake hatua mbili, na safari hii sisi ndio tuliobaki garini. Walikaa saa nzima.

Jumapili mwenzetu wa Buffalo alirudi kwao nyuma ya gari la kuzoa theluji, kilomita arobaini kwa saa, akafika usiku. Kwa gari la Louisville safari ilikuwa kimya, kijana amelala. Kabla ya kufika Cincinnati mama aliuliza kama msitu wa Louisville nao una vyoo na maegesho. Mwenzetu akasema vyote vipo. Upo msitu wa jiji, Jefferson Memorial Forest, mkubwa kuliko Highbanks, dakika chache tu kutoka kwao. Mama hakusema neno hadi walipovuka daraja la Mto Ohio na kuingia Kentucky.

Alhamisi iliyofuata mwenzetu alikuwa anafunga kamba za raba, alfajiri bado, mlango ukagongwa. Alikuwa kijana. Mama yake ametuma kuuliza Jumamosi mnaondoka saa ngapi, na viatu vya matope vinauzwa wapi, vya mwanamke, namba 39.